Kusikiliza Ardhi ya Norfolk na Mchanga wa Lowestoft

Nchini Uingereza hubebi detekta ya metali begani ukaingia bustani yoyote ya umma na kuanza kuchimba. Kila bustani ina mwenyewe. Nyingi ni mali ya halmashauri za miji, nyingine ni za Taji, nyingine zimo mikononi mwa taasisi za hifadhi, na kila mwenyewe ana masharti yake. Bustani za kifalme za London, Hyde Park ikiwa mojawapo, zimekataza kabisa utafutaji wa metali. National Trust, yenye majumba ya kale na ardhi kubwa ya mashamba, haitoi ruhusa kwa wanaotafuta kwa kujifurahisha. Ndiyo maana safari yangu ya kuijaribu mashine mpya ilianzia mezani, nikiiandikia barua halmashauri ya mji mdogo ulio kaskazini ya Norwich.

Jibu lilikuja na masharti, na kila sharti lilikuwa na maana yake. Tutafute kwenye kona ya chini ya bustani, mbali na bembea za watoto na matuta ya maua. Shimo lisipite urefu wa kiganja. Nyasi zirudishwe zilivyokuwa. Kila kinachopatikana kionyeshwe kwa halmashauri, maana ndiyo yenye ardhi, na chochote kinachofanana na kitu cha kale kipelekwe kwa afisa anayeorodhesha vitu vya aina hiyo. Mji wenyewe sitautaja. Ruhusa ilitolewa kwa watu wawili, na bustani ile haihitaji mashimo ya watu wengine.

Mtu wa pili alikuwa mzee wa Tanga anayeishi Norwich tangu kabla mimi sijazaliwa. Amestaafu sasa, na kwa miaka mingi amekuwa akipita kwenye mashamba ya Norfolk na mashine yake ya zamani, kwa idhini ya wakulima wenyewe. Nilimkuta getini amevaa viatu vya mpira na koti zito, umande bado umelala juu ya nyasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nikione hicho chombo kabla hatujaingia."

Nilimpa. Ilikuwa Minelab Equinox 700, ya kampuni ya Australia ambayo detekta zake zinatumiwa pia na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi kadhaa za Afrika. Ina uzito wa kilo moja na robo hivi. Juu ina mshikio na skrini ndogo, chini ina koili ya duara pana kidogo kuliko sahani ya kulia. Unachagua namna tatu za kutafuta: bustani, shamba na ufuo. Mzee aliipima mkononi, akaipitisha mara moja juu ya nyasi, akanirudishia.

"Nyepesi. Lakini skrini yake isikuteke. Kwanza sikiliza, kutazama baadaye."

Ushauri huo una msingi katika fizikia yenyewe. Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka haraka, maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukipita kwenye metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme unaozunguka, na mkondo huo nao huzaa uga wake dhaifu, ambao koili huupokea. Ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba ya watu usiowajua: humwoni aliye ndani, ila kwa namna anavyoitika unabaini kama ni mtoto au mtu mzima. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo mlio wao ni wa juu na safi. Risasi, alumini na vipande vidogo vya dhahabu huitika kwa mlio wa kati. Chuma kina usumaku wake, na mlio wake ni mzito, wa kukatikakatika. Skrini huyafupisha haya yote kuwa namba moja. Sikio husikia zaidi: mlio umenyooka au umevunjika, una mwanzo na mwisho au umetawanyika, unabaki vilevile ukizunguka na kupita kutoka upande mwingine au unabadilika.

Tulianza karibu na njia ya waenda kwa miguu, na palepale mashine ikawa haina utulivu. Uzio wa chuma ulikuwa hatua chache kutoka kwetu, na chini ya njia palipita bomba. Tatizo hili lina umri sawa na detekta yenyewe. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda haraka chombo cha umeme cha kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Alikijaribu kwa mgonjwa mara mbili bila mafanikio. Godoro la rais lilikuwa na springi za chuma, na daktari aliruhusu upande mmoja tu wa mwili upimwe. Risasi haikuwa upande huo. Garfield alifariki mwezi wa Septemba. Chombo cha Bell kilifanya kazi nje ya chumba kile. Kilichokishinda ni chuma kilichomzunguka mgonjwa, na mahali alipokatazwa kupima. Sisi tuliondoka njiani, tukashuka kwenye uwanja mtupu, na mashine ikatulia.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Koili hukaa karibu na nyasi, haipandi mwishoni mwa kila mpito, na kila mpito unafunika nusu ya ule uliotangulia. Ukisikia mlio mzuri unavuka juu yake kwa njia ya msalaba mpaka ujue kitovu chake. Kisha unakata nyasi pande tatu kwa sepeto nyembamba, upande wa nne unauacha ukiwa umeshikamana na mizizi, unakifunua kipande hicho kama kifuniko na kuweka udongo wote juu ya kitambaa. Ukimaliza unarudisha udongo wote, unafunika, unakanyaga. Mzee alikuwa akirudi kuyatazama mashimo yangu, na pale ambapo mshono wa nyasi ulionekana aliniita nikaukandamize upya. Bustani ni ya mtoto atakayekimbia hapo jioni akicheza mpira, na kifundo cha mguu wake kina haki ya ardhi iliyo sawa.

Asubuhi ile ardhi ilitoa sarafu za sasa za shaba, zilizoshika kutu ya kijani. Ilitoa kigari cha kuchezea kilichokwisha rangi. Ilitoa peni kubwa ya zamani, ya wakati ambapo pauni moja ilikuwa na peni 240, hesabu iliyokomeshwa Februari 1971. Nyuma yake alikuwapo Britannia ameketi na ngao yake, amelika kwa kushikwashikwa na mikono mingi. Nilifurahi kila mara, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kimeangushwa na mtu aliyepita pale, akainuka na kuendelea na siku yake.

Baadaye, kwenye mteremko unaoelekea kijito, mashine ilitoa mlio wa kati, ule ule wa alumini na risasi, mlio ambao watafutaji wengi huupita kwa kudhani ni takataka. Nilikata nyasi. Kwenye udongo palikuwa na kijisahani cha kijivu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kizito kwa umbo lake, na upande mmoja una mikwaruzo iliyopangika.

Mzee aliinama, akavaa miwani, akakaa kimya kidogo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Hii ni lakiri ya kitambaa, mwanangu. Risasi. Usiisugue hata kidogo."

Norwich ilikuwa mji wa wafumaji. Mwaka 1565 mji ulikaribisha kaya 30 za wafumaji wa Kiholanzi na Kiwaloni, waliokuwa wakikimbia vita na mateso ya kidini ng'ambo ya bahari, ili wafufue biashara ya vitambaa iliyokuwa ikififia. Waliokuja waliongezeka wakawa maelfu, na vitambaa vyao vipya vikauinua mji. Kitambaa kilipokaguliwa na kulipiwa ushuru kilifungwa kipande cha risasi chenye vijisahani viwili: kimoja kinapenyezwa kwenye kitambaa, kinakunjwa juu ya kingine na kugongwa muhuri. Risasi ile haikuwa na thamani wakati ule na haina thamani leo. Lakini ni ushahidi kwamba kitambaa kilichokaguliwa kilifunguliwa hapa, au kilipotea hapa, kwenye mteremko huu wa bustani ambao leo watu hutembeza mbwa. Niliandika mahali pake kwa kipimo cha simu, nikapiga picha shimo na kilichomo, nikaitia lakiri kwenye kijimfuko pamoja na udongo wake.

Tofauti ya kuokota na kutunza inaanzia kwenye kitendo hicho cha kuandika mahali. Uingereza imekijengea mfumo mzima. Sheria ya Hazina ya 1996 inamtaka aliyepata kitu kinachoangukia maana ya hazina atoe taarifa ndani ya siku 14. Kwa kawaida hazina ni kitu cha zaidi ya miaka 300 chenye dhahabu au fedha isiyopungua asilimia 10, au mkusanyiko wa sarafu za umri huo. Mwaka 2023 sheria ilipanuliwa ili vitu vya zaidi ya miaka 200 vyenye umuhimu wa pekee kwa historia vihesabiwe hata kama si vya dhahabu wala fedha. Makumbusho yakikihitaji kitu, thamani yake hukadiriwa na zawadi hulipwa, na kwa desturi mwenye shamba na aliyepata hugawana. Kwa vitu vingine vyote, kama lakiri yangu, upo mpango wa hiari ulioanza 1997 na kusimamiwa na British Museum, wenye maafisa mikoani wanaopokea, kupima, kupiga picha, kuorodhesha na kukurudishia kitu chako. Hadi sasa vitu zaidi ya milioni moja na nusu vimeorodheshwa, na vingi mno vimetoka mikononi mwa watu wa kawaida wenye detekta.

Kisa kinachosimuliwa zaidi sehemu hizi ni cha Hoxne, kijiji cha Suffolk, kusini ya Norwich. Novemba 1992 mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na detekta aitafute. Lawes alipata sarafu za fedha na dhahabu na vijiko vya fedha. Alipoona ni vingi, aliacha kuchimba akatoa taarifa. Wataalamu wakaja siku iliyofuata, wakayakuta mengi ya yale mabaki yamelala kama yalivyowekwa mwanzoni mwa karne ya 5, kiasi kwamba waliweza kulitambua sanduku la mbao lililokuwa limekwisha oza, na namna vitu vilivyopangwa ndani yake. Ndani mlikuwamo takriban sarafu 15,000 na vyombo kadhaa vya fedha vya kutilia pilipili manga, kimoja chenye umbo la mwanamke wa heshima. Pilipili manga haikui Ulaya. Ilitoka India ikavushwa na merikebu zilizofuata pepo za msimu kwenye Bahari ya Hindi, pepo zilezile za kaskazi na kusi zilizoijenga pwani yetu. Hazina ile ingefukuliwa kwa pupa, leo tungekuwa na fedha nyingi na habari chache. Ile nyundo nayo ilipatikana, ikapelekwa makumbusho pamoja na hazina.

Baada ya bustani ilibaki bahari. Tulipanda treni ya Norwich kwenda Lowestoft siku ya mwezi mpevu, kwa sababu mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba mwezi mpevu huleta bamvua, na bamvua hulifungua eneo la mchanga ambalo siku za maji mafu hubaki limefunikwa. Njia inakata nyanda za majani na mito myembamba. Kule Reedham reli inapita juu ya daraja linalozungushwa kuzipisha mashua, na huku na huku minara ya vinu vya upepo vilivyokuwa vikikausha mabwawa imesimama peke yake kati ya ng'ombe. Chini ya saa moja tukawa tumefika kwenye stesheni iliyo mashariki kuliko zote za Uingereza.

"Usitarajie maji ya Tanga," mzee alinitahadharisha tukishuka kwenye mchanga. "Kule yakikupwa wanawake wanakwenda mbali kuokota chaza. Hapa bamvua ni urefu wa mtu tu."

Ni kweli. Kwenye bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Lowestoft ni takriban mita mbili. Lakini mchanga wa Lowestoft unatembea sana. Bahari ya Kaskazini inaula ufuo huu kila majira ya baridi, na kuta za mbao zilizochomekwa kuelekea majini zinaukusanya mchanga upande mmoja na kuuacha upungue upande wa pili. Mzee hakuanza kutafuta. Alitembea kwanza, mikono nyuma, akitazama umbo la ufuo. Alikuwa akitafuta mahali ambapo mawimbi yamekata ngazi kwenye mchanga na kuacha kokoto wazi, kwa kuwa maji yanayopanga kokoto kwa uzito hupanga na metali vivyo hivyo. Pesa, risasi na misumari hutua pamoja na mawe mazito, wakati mchanga mwepesi hubebwa.

Ufuo ni mtihani mgumu kwa detekta. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa huitika wenyewe, na mashine za zamani zenye wimbi moja hulia ovyo kila koili inapokaribia maji. Mashine yangu hutuma mawimbi ya masafa mbalimbali kwa pamoja na kulinganisha majibu yake. Chumvi hujibu kwa namna yake kwa kila masafa, na metali kwa namna yake, na kwa kulinganisha hivyo mashine huweza kuitoa sauti ya chumvi na kuiacha ya metali. Nilichagua namna ya ufuo, nikaipa muda ijipime na kelele za umeme wa hewani, nikaishusha na kuipandisha juu ya mchanga uliolowa mpaka ikakubaliana na ardhi. Nilipopita mstari kati ya mchanga mkavu na mbichi, pale ambapo mashine ya mzee ilianza kulia, yangu ilibaki kimya. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya mstari ule.

Kwenye mchanga mkavu, karibu na gati la Claremont, tulikutana na mabaki ya kiangazi: vizibo vya soda, karatasi za alumini, na vile vishikio vya kufungulia makopo. Hapa pana jambo ambalo kila anayeanza anapaswa kuliweka moyoni. Pete nyingi za dhahabu na vishikio vya makopo huitika katika namba zilezile. Mashine inaweza kuambiwa ipuuze namba hizo ili upumzike na takataka, na wengi hufanya hivyo, lakini ukipuuza takataka umepuuza na pete. Tulichimba kila kitu. Mfuko wa takataka ulijaa kabla ya ule wa vitu vya kutunzwa, na tuliuona huo nao kuwa mchango wetu kwa ufuo ambao watoto huuchezea bila viatu.

Kadiri maji yalivyozidi kukupwa, kwenye saa kumi alasiri, tulishuka kwenye kokoto. Hapo ufuo ulianza kutoa chubwi. Zilikuwa za kila umbo, za mviringo, za pembe tatu, zenye tundu na zenye kijiwaya, nyingine mpya, nyingine nyeupe kwa ukongwe wa risasi. Lowestoft iliishi kwa samaki, hasa heringi, samaki wadogo wa rangi ya fedha waliokuja kwa makundi makubwa kila vuli na kufuatwa na mashua hata kutoka Uskoti. Mji ule sasa hauna tena kundi la mashua kama lile. Kumbukumbu yake imelala kwenye kokoto, nusu kilo ya risasi kwa kila hatua kumi. Mzee alizipanga chubwi juu ya ubao wa ukuta, akazishika moja moja, na kwa baadhi akanieleza mshipi wake ungekuwa wa aina gani, kwa vile baba yake alivua Pangani kwa chubwi zinazofanana nazo.

Pia palikuwa na chuma cha vita. Aprili 1916 manowari za Ujerumani ziliupiga mji huu kwa mizinga kutoka baharini, na katika vita vya pili ndege ziliushambulia tena na tena. Vipande vya makombora bado vimo mchangani. Kanuni ya hapa ni moja: ukifunua kitu kinachofanana na kombora au guruneti, hukigusi, hukichimbui zaidi, unaondoka, unaweka alama kwa mbali, unawapigia walinzi wa pwani au polisi. Kizazi cha detekta tunazobeba kwa kujifurahisha kimetokana kwa sehemu kubwa na vifaa vya kutegulia mabomu. Józef Kosacki, afisa wa Kipolandi aliyekuwa uhamishoni Uskoti, alibuni kifaa cha aina hiyo mwaka 1941, na mwaka uliofuata kilitumiwa na majeshi ya Uingereza kule El Alamein. Udhaifu wake ni ule tuliouona sisi Claremont: hakitofautishi bomu na msumari. Udhaifu huo umepata jibu Morogoro. Shirika la APOPO, likiwa pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa baruti yenyewe na kuvipita vyuma vingine vyote bila kushughulika. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Nilimweleza mzee, akafurahi kwa sauti hadi mtu aliyekuwa akipita na mbwa akageuka.

Karibu na mwisho wa maji kupwa mashine ilitoa mlio wa juu, safi, kutoka chini ya kokoto. Nilichota kwa pawa la chuma lenye matundu, nikachekecha, ukabaki msumari mmoja wa shaba, mnene, wa pembe nne, umepinda kidogo. Misumari ya shaba ilitumika kwenye meli za mbao kwa sababu maji ya chumvi hayaili kama yanavyokula chuma. Kitu kinachodhaniwa kutoka kwenye meli iliyozama kina sheria yake: unatoa taarifa kwa ofisi ya serikali inayopokea mabaki ya meli, ndani ya siku 28, hata kama ni msumari. Mbele ya pwani hii, Juni 1665, Waingereza na Waholanzi walipigana mojawapo ya vita vikubwa vya baharini vya karne ile, na kabla na baada ya hapo meli za biashara zilizama kwa wingi kwenye mafungu ya mchanga. Msumari peke yake hausemi ni wa meli ipi. Ukiandikwa mahali pake, na mwingine ukaandikwa mwakani hatua chache kutoka hapo, na mwingine baada yake, huenda siku moja ikasema.

Nikiushika msumari ule nilifikiria vyombo vya kwetu. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi na kukazwa kwa vigingi vya mti. Haukuwa na msumari hata mmoja. Detekta bora kuliko zote duniani ingepita juu ya mtepe uliofukiwa na mchanga na isiseme kitu. Mashine hii husikia sehemu moja tu ya maisha ya watu, ile iliyofuliwa na kuyeyushwa, na anayeitegemea peke yake ataandika historia ya watu wa vyuma na kuwasahau watu wa kamba, mbao, udongo na nguo. Ndiyo sababu inapaswa kutangulia kwa adabu na kuwaachia wataalamu wa kuchimba neno la mwisho.

Lakiri ya bustani niliipeleka kwa afisa wa kuorodhesha. Aliipima uzito na kipenyo, akaigeuza chini ya taa ya ubavuni ili mikwaruzo itoe kivuli, akaipiga picha pande zote mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa mahali, kabla ya umri na kabla ya thamani. Nilimpa namba za kipimo cha simu na kina cha shimo, akaziingiza kwenye daftari la taifa, lakiri ikapata namba yake. Kisha ikarudi kwa halmashauri yenye bustani.

Swali hilo la mahali liliupeleka moyo wangu Kilwa, kwenye pwani yetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina, bila mwaka wala mahali. Sarafu hizo zimepatikana Kilwa Kisiwani, Mafia na Songo Mnara, na moja ilipatikana mbali bara, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Zilizosafiri zaidi ni tano, zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na askari aitwaye Maurie Isenberg. Alikaa nazo miaka mingi bila kujua ni nini, na mwaka 1979 ndipo zilipopelekwa kutambuliwa. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanajadili. Lakini mjadala upo kwa sababu Isenberg alikuwa ameweka alama ya msalaba kwenye ramani, mahali alipoziokota. Bila alama ile zingekuwa vipande vitano vya shaba kwenye droo. Kule Songo Mnara, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba wakiandika kila sarafu ilikuwa wapi, ndani ya nyumba au nje, na kwa njia hiyo wakaweza kuzungumzia namna wenyeji walivyozitumia, jambo ambalo sarafu iliyonunuliwa sokoni haiwezi kukupa.

Kwetu Tanzania ukitaja detekta, wengi husikia mali za Mjerumani. Maneno ni yaleyale kila mkoa: kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walizika dhahabu chini ya boma, chini ya mbuyu, chini ya kaburi. Wajanja huuza rupia za bandia, na watu wenye tamaa na mashine ya kukodi huchimba sakafu za magofu usiku. Wanachoharibu ni kile hasa ambacho kingetueleza sisi ni akina nani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iko wazi: kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, kuchimba kunahitaji leseni, na aliyekiona anatakiwa kutoa taarifa. Mtu mwenye detekta hana nafasi ya kuingia Kaole, Kunduchi, Tongoni au Kilwa na kuanza kuchimba, na mimi yangu sitaipeleka huko.

Ninachokitamani ni ile meza ya afisa. Mvuvi wa Kilwa anayekuta sarafu ya shaba baada ya bamvua, mtoto anayeokota kitu cha kijani kwenye ufuo wa Mafia, mkulima anayegonga lakiri kwa jembe, wote hao tayari wanaona kuliko mashine yangu. Wanahitaji mtu wa karibu wa kumwonyesha, anayewapokea kwa heshima, anayeuliza mahali kabla ya bei, anayeandika jina lao kama wagunduzi na kuwarudishia au kuwafidia kwa haki. Uingereza haikuzaliwa na mpango wake. Iliuanzisha 1997, baada ya miaka mingi ya wataalamu na watafutaji kutoaminiana. Sisi tunayo sheria tangu 1964 na tunao watu wanaopita ufuoni kila siku. Katikati panakosekana afisa mmoja kwa kila wilaya ya pwani, mwenye daftari, kamera na muda wa kusikiliza. Kazi hiyo inawezekana, gharama yake ni ndogo, na kila bamvua linalopita bila yeye linaondoka na ukurasa wetu.